Msimu Ambao Baba Hakunywa

Simu ya baba mkubwa ilinikuta jikoni, nyumbani kwetu Gachoka, nikichambua ndengu. Sauti yake ilikuwa na furaha.

"Tumesikia kijana ametoka," alisema. "Jumamosi tunakuja na kibuyu kidogo cha muratina, tumkaribishe nyumbani kama mwanamume."

Kijana huyo ni mdogo wangu, mtu mzima mwenye watoto shuleni. Siku iliyotangulia nilikuwa nimemchukua Embu, kwenye kituo alikokuwa akitibiwa uraibu wa pombe. Alikuwa ameketi nje kwenye kivuli cha nyumba, akinywa chai polepole na kuwatazama kuku kama mtu anayejifunza upya jinsi siku inavyokwenda. Nilimwambia baba mkubwa kwamba nitampigia. Nikarudi kwenye ungo wangu, na baada ya muda nikaona kwamba nilikuwa nikitupa ndengu na kubakiza mawe.

Huenda unajiuliza, rafiki yangu, kibuyu kidogo cha pombe ya asali kinawezaje kumkasirisha hivyo mwanamke mwenye mvi. Keti, nikueleze. Itabidi nikurudishe nikiwa darasa la nne, mwaka ambao baba yetu alikaa msimu mzima bila kunywa.

Kabla ya msimu huo, baba alikuwa mlevi ambaye kila mtu alimjua. Wanafunzi wenzangu waliiga mwendo wake tukitoka shuleni. Mchungaji alimpigisha magoti mbele ya kanisa aahidi kuacha, naye aliahidi akilia machozi ya kweli, lakini kabla ya juma kuisha alikuwa amelala mtaroni. Watu wakasema hana haya. Nyanya, mama yake mzazi, alisema kuna mtu amemtupia kitu. Mama akawa anaficha viatu vya baba ili asitoke, naye akawa anatoka pekupeku.

Aliyesema jambo la maana alikuwa muuguzi wa zahanati, mwanamke mrefu kutoka Meru aliyetuzungumzia kwa Kiswahili kwa sababu Kimbeere chetu kilimshinda. Mama alikuwa amempeleka mdogo wangu kuchanjwa, nami nimebeba mkoba. Muuguzi aliona uso wa mama, akauliza, akasikiliza mpaka mwisho.

"Mama, mzee wako ni mgonjwa," alisema. "Mwili wake umeizoea pombe mpaka ukiikosa unagoma. Ndiyo maana anatetemeka asubuhi. Msimlazimishe aache ghafla nyumbani, anaweza kupata kifafa afe. Mlete, apelekwe hospitali waangalie namna ya kumtoa."

Mama alimleta. Baba alilazwa Embu, akarudi amekonda, macho meupe. Muuguzi alituonya tena: amepata nafuu, lakini ugonjwa uko pale pale, kama kisukari, na mtu wa kisukari haulizwi kwa nini anakataa sukari.

Basi msimu ule ukaanza. Mvua za vuli zilikuwa zimetukumbuka, na mtama wetu ulipoanza kubeba, kazi ya watoto ikawa kufukuza ndege. Baba alinijengea jukwaa la miti katikati ya shamba na kunifundisha kurusha madonge ya udongo kwa kombeo. Alipiga mbinja, kundi zima la ndege likainuka kwa mpigo mmoja, kama nguo inayokung'utwa. Mchana alikuja na uji wa wimbi kwenye kibuyu, umeanza kuchachuka kidogo jinsi nilivyoupenda, tukaunywa kwa zamu tukitazama milima iliyo upande wa Kiambere.

Alikuwa na mizinga yake ya magogo juu ya migunga. Zamani aliirina akiwa amelewa, akashuka amevimba uso mzima. Msimu ule alipanda na mwenge wa majani makavu, mikono imetulia, nami chini nikasikia nyuki wakibadilisha sauti moshi ulipowafikia. Alinishushia kipande cha sega kikiwa bado na joto. Jioni nguo zake zilinuka moshi na asali, na mama, ambaye sikuwa nimewahi kumsikia akicheka, alicheka aliposimuliwa jinsi nyuki mmoja alivyoingia kwenye kofia ya jirani. Tulikula kunde na ugali wa mtama, baba akaniuliza habari za shule, akangoja jibu.

Kisha wakaja wageni kutoka Ishiara kumposa shangazi yangu, dada mdogo wa baba. Babu alikuwa ameshafariki, kwa hiyo baba mkubwa ndiye aliyesimamia mazungumzo. Kwetu, mkikubaliana, pembe ya muratina huzungushwa, na kila ndugu wa kiume wa binti lazima anywe. Asiyekunywa amepinga ndoa. Hahitaji kusema neno, pembe imeshamsemea.

Pembe ilimfikia baba. Mimi nilikuwa mlangoni na sinia la viazi vikuu, nikaona mikono yake imebaki juu ya magoti.

"Mimi nimekubali," alisema. "Mniandalie uji, nitakunywa uji."

Baba mkubwa alicheka. "Uji? Wewe umezaa juzi?"

Wanaume wakaangua kicheko. Mzee wa Ishiara hakucheka. Alimgeukia mwenzake na kuuliza, kwa sauti ya kusikika, kama safari yao ilikuwa ya bure. Shangazi alikuwa chumba cha pili, akisikia yote.

"Nilitibiwa," baba alisema. "Daktari alinikataza."

"Alikukataza chang'aa," alisema baba mkubwa, kwa upole, kama anayemwelekeza mtoto. "Hii ni asali. Tena ni asali yako mwenyewe. Na si umeshapona? Onja tu, usimharibie dada yako."

Haya ndiyo ninayotaka uyaone, maana nimeyafikiria miaka mingi. Pembeni pale pale alikuwa ameketi baba mdogo mmoja mwenye vidonda vya tumbo. Pembe ilipomfikia, nyanya alisema, "Huyo ni mgonjwa, agusishe midomo tu," na hakuna aliyenung'unika. Desturi ilikuwa na nafasi ya mgonjwa. Ilikuwa nayo tangu zamani. Baba alinyimwa nafasi hiyo kwa sababu moja tu: chumba kizima, pamoja na mama aliyemzaa, hakikuamini kwamba alichokuwa nacho ni ugonjwa.

Baba aliitazama ile pembe, akanywa. Wageni wakapiga makofi. Mama aliweka chini bakuli alilokuwa ameshika, akatoka nje.

Mtama haukuwahi kuvunwa na baba. Alirudi kwenye pombe kama mtu aliyeanguka kisimani, akinywa kuanzia asubuhi, na watu wale wale waliopiga makofi wakaanza kutikisa vichwa. "Amepewa nafasi, ameichezea," walisema. Hapo baba mkubwa akaamua kumnyoosha ndugu yake. Yeye na wanaume wengine walimfungia baba ndani ya stoo ya nafaka, wakamwachia maji na uji, ili pombe imtoke. Mama aliwakumbusha maneno ya muuguzi. Wakamwambia mambo ya wanaume hayafundishwi na msichana wa sindano.

Nilimsikia baba akitetemeka. Ndiyo, kutetemeka kunasikika. Mgongo wake ulikuwa ukigonga mabati. Kisha akaanza kuzungumza na watu ambao hawakuwepo. Mama alikimbia zahanati. Aliporudi na muuguzi, komeo lilikuwa limefunguliwa na wanaume wamesimama nje wamevua kofia. Kifafa kilikuwa kimemchukua, kama muuguzi alivyotuonya. Alipiga magoti kando yake, akamfumba macho, na alipoinuka aliwatazama wale wanaume mmoja mmoja. Mazishini mchungaji alisema pombe imemshinda. Nilikuwa mtoto, lakini nilitaka kumrushia donge la udongo.

Sasa umeelewa kwa nini, Jumamosi ilipofika, nilimngojea baba mkubwa langoni. Amezeeka, anatembelea mkongojo. Nyuma yake binamu yangu amebeba kibuyu.

"Karibu, baba mkubwa," nilimwambia. "Wewe ingia. Kibuyu kirudi."

"Binti, unanizuia kwenye boma la ndugu yangu?"

"Wewe sikuzuii. Kuna chai, kuna chapati, kuna kuku. Nimezuia pombe."

"Hii si pombe. Hii ni asali, ni baraka."

"Ndivyo ulivyomwambia baba."

Mdogo wangu alikuwa amekuja kusimama karibu nami. Nilitaka kumjibia, nikajizuia.

"Baba mkubwa," alisema, "mimi ni mgonjwa wa pombe. Nikionja hiyo leo, kesho sitakuwa hapa. Kama unanipenda, nibariki kwa maji."

"Wewe ni kijana mzima, huna kidonda, huna homa. Ugonjwa gani huo usioonekana?"

"Ule uliomuua ndugu yako ndani ya stoo," nilisema.

Aliuinua mkongojo kidogo kutoka ardhini. Nilidhani atanipiga, au atalia, na yote mawili ningeyapokea. Aligeuka tu, akaenda zake. Binamu alituma ujumbe jioni kwamba ukoo umekasirika na kwamba nimemtukana mzee. Sawa. Wakasirike. Mimi nimekasirika tangu darasa la nne na bado napika, nalima na kuamka.

Ikiwa nyumbani kwako kuna mtu kama mdogo wangu, usimwite dhaifu na usimfungie. Mtafutie tabibu, ukae naye. Akianguka, mrudishe kwa tabibu, kama ungemrudisha mwenye kifua. Na sherehe ikija, kaa kando yake na kikombe cha uji kama chake.

Migunga ya baba ilikatwa ikachomwa mkaa, na mtama siku hizi haupandwi hapa. Kila mtu ana muguka wake, majani ya kutafuna kama miraa. Hayo ningeyastahimili. Lakini tangu Jumamosi mdogo wangu amekuwa akiniuliza baba alikuwaje alipokuwa mzima. Wakati ule yeye alibebwa mgongoni, hakumbuki chochote. Namsimulia ndege, nyuki, uji, jinsi baba alivyouliza swali akangoja jibu. Jana nilifika mwisho. Akaniomba nimwambie na mengine, nikamwambia hakuna, tulipewa msimu mmoja tu. Akatikisa kichwa, akavuta kigoda karibu, akasema nianze tena.