Mzigo Usiohusu Taaluma

Siku yangu ya kwanza ya ualimu nilimwandikia kosa mtu aliyeniletea chakula. Sikutumwa na mtu. Ujinga ule niliutunga mwenyewe, tena kwa mwandiko mzuri.

Nilikuwa nimetoka chuoni, nimepangiwa Mandawa, kule Ruangwa. Mimi mtu wa Nachingwea mjini, ambaye hata nikienda Ruponda tu naaga kama anayekwenda Hija. Mwalimu Mkuu akanikabidhi kitabu cha zamu, daftari ambalo mwalimu wa zamu huandika yote yaliyotokea shuleni kutwa. "Shika zamu wiki hii," akasema. "Utawajua wenzako upesi."

Niliwajua. Saa moja na nusu nilisimama mlangoni mwa ofisi, saa mkononi. Mwalimu Somoe wa darasa la kwanza akaingia na beseni kichwani. Nikaandika: "Mw. Somoe amechelewa dakika kumi na tano, amebeba mzigo usiohusu taaluma."

Saa nne, wakati wa chai, beseni likafunuliwa. Mihogo ya kuchemsha, ya kumkaribisha mwalimu mgeni. Mgeni mwenyewe mimi. Nilikula vipande vinne. Kisha Mwalimu wa Taaluma, msimamizi wa masomo na maandalio yetu, akafungua kitabu akasoma kwa sauti. Ofisi nzima ikaacha kutafuna.

Tangu hapo salamu nilijibiwa, mazungumzo sikupewa. Ningevumilia, ila Ijumaa ile wazee wa mchumba wangu walikuwa wanakuja nyumbani kunitazama, na gari la Nachingwea liliondoka asubuhi. Nisipopata wa kunishikia zamu, wangetazama kiti. Niliwaomba wenzangu, kila mmoja akawa na madaftari ya kusahihisha. Mwalimu Mkuu akasema, "Ruhusa ninayo. Wa kukushikia sina. Kamwone uliyemwandika."

Alhamisi nikamfuata Somoe darasani, anapanga vizibo vya soda vya kuhesabia.

"Dada Somoe, nilikosea. Ningeuliza kwanza umebeba nini."

"Mimi siku hizi sisikii vizuri, mwalimu. Nasoma tu. Si unajua kuandika?"

Nikafungua kitabu palepale: "Mwalimu wa zamu amekula mzigo usiohusu taaluma, vipande vinne, bila kuomba radhi. Sasa anaomba."

Akasoma, akanirudishia. "Vilikuwa vitano. Nilihesabu."

Nikasahihisha.

"Haya, nenda kaoe. Mke akichelewa, usimwandike."

Nilioa. Nikafundisha Mandawa, kisha Ruponda, nikaishia kuwa mwalimu mkuu mwenyewe. Kitabu cha zamu sikukitupa, na aliyechelewa aliandikwa. Lakini kwanza niliuliza amebeba nini. Mmoja alibeba mtoto mwenye homa, mwingine usingizi mtupu. Ninyi mnaoanza kazi mtapewa semina nyingi za kuishi na wenzenu. Mimi semina yangu ilikuwa beseni moja, na nilishiba.

Sasa nimestaafu, nipo nyumbani, mahali nilipotaka kuwa tangu siku ile ya kwanza. Jumamosi iliyopita Somoe aliahidi kunitembelea saa nne. Bodaboda ikamshusha saa nne na robo, beseni mkononi. Nikatazama saa, mkono umezoea. Jirani yangu Mzee Chilumba, anayepepeta ufuta uani kwake, akaniona.

"Mwalimu, umestaafu wewe, saa yako bado. Inuka ukampokee mama wa watu mzigo."