Choo Mupya ya Biro

Pale Butembo, ku biro kwenye ninaandikaka karatasi za malori ya mupaka wa Kasindi, patron, mukubwa wetu wa kazi, alijengesha choo kwa ajili yangu. Miguu yangu hapana kutembea, niko ku kiti ya magurudumu, na nilimusomea sheria yenye inasema mutumishi sawa mimi anapashwa kupata choo yenye anaweza kuingia. Hakubishana. Akaleta fundi, mulango ikakuwa mupana, vyuma vya kushikilia ku ukuta, karo nyeupe za sakafu zenye kungaa. Hata nyumba yake ya Rughenda haina choo ya vile.

Kesho yake nikakuta kadena, kufuli kubwa, ku mulango.

"Mama, choo ni muzuri sana," patron akaniambia bila haya. "Tunaichunga kwa bageni."

"Na funguo?"

"Iko kwangu, juu ku etaji."

Ku etaji! Kule kunapandwa na ngazi tu! Nilicheka mpaka machozi, kisha nikakasirika. Siku yenye alipokea bageni bakubwa, nikasimamisha kiti chini ya ngazi, nikapaza sauti sawa muuza samaki:

"Patron! Mukojo inanibana!"

Nikarudilia, kwa nguvu zaidi. Akashuka mbio, funguo mukononi.

Leo ile funguo iko ku shingo yangu. Patron mwenyewe hapendi tena choo ingine. Kila asubui anashuka ngazi, anasimama mbele ya meza yangu na heshima yote: "Mama, tafazali, unipe funguo kidogo."

Namuuliza kwanza kama yeye ni mugeni.