Mkeka Uliotandikwa Buffalo

Mpaka leo nikisikia kitu kinadunda sakafu ya juu, mate hunijaa mdomoni. Wa kulaumiwa ni Koko na kinu chake. Koko ndivyo sisi watu wa Kivu tunavyomwita bibi, na huyu wangu, mama yake baba, jina lake Nyassa, alikuwa haamini sombe, yaani kisamvu, iliyotwangwa na mashine. Majani ya muhogo yaliuzwa dukani yakiwa yamegandishwa kwenye mifuko, yamesagwa tayari, lakini yeye aliyayeyusha, akayanusa, akatikisa kichwa kama daktari aliyeletewa mgonjwa aliyeharibiwa na mganga mwingine, kisha akayatwanga upya. Kinu alichongewa na mzee mmoja wa kanisani kutokana na mti ulioangushwa na upepo. Kila Jumamosi asubuhi fleti yetu ya ghorofa ya pili, pale Highview, Louisville, Amerika, ilitetemeka: du, du, du. Vikombe viliongea kabatini. Harufu ya majani mabichi, kitunguu na mawese ilitoka chini ya mlango na kushuka ngazi kwenda kuwasalimu majirani ambao hawakutualika. Ilikuwa katikati ya miaka ya 2010, nami nilikuwa na miaka kumi na mmoja. Tulikuwa hatujamaliza mwaka tangu tutoke kambi ya wakimbizi Kigoma, na hofu yetu kubwa ilikuwa kufukuzwa kwenye nyumba.

Kwa hiyo jirani wa chini alipopiga hodi Jumamosi moja, Mama alishika kichwa. Alikuwa mwanamke mzee, Mzungu, mwembamba, nywele nyeupe zimechanwa vizuri, na uso wake ulikuwa umekuja kugomba. Aliitwa Ruth. Alifungua kinywa aseme habari ya dari yake, lakini Koko alikwisha kumshika mkono. "Karibu, mama, ikala. Mugeni hapana simama ku mulango," alimwambia, na kabla bibi wa watu hajajua kimetokea nini, alikuwa ameketi kitini, sahani ya sombe na ugali magotini, na mimi nimesimamishwa katikati niwe mkalimani. Ruth alionja kwa ncha ya uma, kwa adabu. Akaonja tena. Habari ya dari haikusikika siku hiyo, wala nyingine yoyote.

Lakini Koko hakuwa mtu wa kumlisha mgeni halafu akamwacha aende hivi hivi. Kwetu salamu ni safari. Huwezi kusema umemsalimu mtu kama hujaulizia nyumba yao nzima, waliopo na wasiokuwepo. "Muulize, kwa mama yabo balizaliwa bangapi?" Nikauliza. Ruth akasema walizaliwa wawili, yeye na kaka yake, Charles. Kaka yuko wapi? Hapo Ruth akaweka uma chini. Charles alikwenda vitani ng'ambo ya bahari, katika vita vile vikubwa vya dunia, yeye Ruth akiwa msichana mdogo kuliko mimi. Wajapani walimteka huko Ufilipino. Baadaye serikali ilileta karatasi kwamba amefia kambini mwa mateka. Mwili haukurudi. Hakuna mtu aliyekuja kusimulia. Wazazi wao walizeeka wakitazama barabara, wakafa. "Sasa nimebaki mimi," akasema, "na ninataka kujua jambo moja tu kabla sijafa. Alikufa peke yake?"

Nilimtafsiria Koko. Nilitegemea atasema pole, kama watu wazima wanavyosema. Badala yake alikunja uso. "Nani alimuona?" Nikamweleza habari ya karatasi. "Karatasi haiko na macho. Nakuuliza, nani alimuona?" Hakuna, nikasema. "Donc, huyu hajakufa. Amepotea. Na mutu mwenye kupotea banamutafuta."

Ili mtu aelewe maneno hayo, lazima ajue habari ya mkeka. Nyuma ya mlango wa chumba cha Koko, ambacho kilikuwa pia chumba changu, palisimama mkeka umekunjwa na kufungwa kamba. Ulitoka kwetu Fizi, ukavuka ziwa Tanganyika nasi, ukakaa kambini miaka, ukapanda ndege. Ulikuwa mkeka wa matanga wa baba mdogo Wilondja, mwana wa mwisho wa Koko. Siku tulipokimbia, watu wenye silaha walimkamata njiani wambebeshe mizigo yao, na tangu hapo hakuna aliyemtia machoni. Jamaa walimshauri Koko mara nyingi alie ayamalize, apate kupumzika. Alikataa. Kwa desturi yake matanga hayakaliwi mpaka aje mtu wa kusema, "Mimi nilikuwepo, nilimwona." Hapo ndipo mkeka unapotandikwa. Basi mkeka ulisimama pale, nami usiku nilisikia harufu yake ya nyasi kavu na moshi, na nilizoea kuuwaza kuwa ni mtu wa nyumbani asiyesema. Mwenye kovu usidhani kapoa.

Jinsi Koko alivyomtafuta Charles wa Ruth nadhani hakuna ofisi ambayo ingeweza kuibuni. Mama yangu alifanya kazi ya kutunza wazee kwenye nyumba yao, kuwaogesha, kuwalisha, kuwageuza kitandani, na nusu ya akina mama wa kanisani kwetu walifanya kazi hiyo hiyo. Hali ilikuwa hivyo Louisville, hivyo hivyo Columbus, hivyo hivyo Buffalo. Wazee wa Amerika wote, kwa mawazo ya Koko, walikuwa mikononi mwa mabinti wa Fizi na Uvira. Kwa nini tuhangaike? Jumapili alisimama wakati wa matangazo, baada ya kwaya, akamsimamisha na Ruth, aliyevaa gauni la bluu na kuona haya. Kisha akarekodi sauti kwenye simu ya Mama, nayo ikasambaa kwa akina mama wa miji yote mitatu: "Natafuta Charles, mutoto wa Margaret, mutu wa Kentucky, Bajapani balimukamata mu vita. Mwenye anamujua, ao mwenye alikuwa naye, aseme."

Sauti ilirudi baada ya wiki chache, kutoka Columbus, ikiwa na vigelegele ndani yake. Amepatikana! Charles, mtoto wa Margaret, mzaliwa wa Kentucky, aliyewahi kuwa mateka wa Wajapani, yuko hai, anaogeshwa kila asubuhi na Mama Asukulu. Mzee mwenyewe na binti yake waliambiwa tu kwamba kuna wageni kutoka Kentucky, wakakubali kuwapokea. Nyumbani kwetu watu walirukaruka. Mama alishuka ngazi mbio kumwambia Ruth, na sitasahau alivyorudi: polepole, mkono kifuani. Alisema Ruth hakulia wala hakucheka. Alikwenda moja kwa moja kufungua kabati, akaanza kutafuta nguo ya kuvaa.

Tulikwenda Columbus kwa gari la Baba, Ruth mbele, sisi nyuma tumebanana na vyungu. Njia nzima alikunja na kukunjua kitambaa chake. Aliniambia, bila kugeuka, kwamba akili yake inamwambia haiwezekani, lakini miguu yake haisikii. Tulipofika, Mama Asukulu alitupokea kwa kukumbatia, akatuongoza hadi kwenye kiti cha karibu na dirisha. Mzee mrefu mwenye masikio makubwa aliinua macho. Ruth alisimama mlangoni akimtazama, akamtazama, halafu akauliza jina la ukoo. Lilikuwa jingine. Alikuwa Charles, mama yake aliitwa Margaret, Wajapani walimteka, lakini hakuwa wake.

Hapo ndipo tulipogundua kosa letu, na lilikuwa kosa ambalo sisi tu tungeweza kulifanya. Jina la ukoo la Charles halikutajwa kwenye tangazo hata mara moja, na akina mama wa miji mitatu hawakuliulizia. Kwetu kila mtoto ana jina lake mwenyewe. Mimi na kaka yangu na baba yetu tuna majina matatu yasiyofanana. Mtu tunamjua kwa mama yake na kwa kilima alikotoka, basi. Wazungu tulijua wana jina moja la nyumba nzima, lakini tulilichukulia kuwa kitu cha karatasi za ofisini, kisichohusu kumtafuta binadamu. Tulikuwa hatujui kwamba zamani zile akina Margaret waliozaa akina Charles walikuwa wamejaa Amerika. Ruth alitoka akakaa kwenye benchi la ukumbini. Koko alikaa kando yake. Haraka haina baraka, na safari hii haraka ilikuwa imemuumiza mtu mzima mbele ya macho yetu.

Yule mzee ndiye aliyetuokoa. Alimtuma binti yake amrudishe Ruth, akamshika vidole, akamuuliza kambi ya kaka yake. Ruth akaitaja, jina hilo moja alikuwa amelishika tangu utoto. Mzee akasema hapana, yeye alifungwa kwingine. Lakini wale waliotoka hai walikuwa na desturi ya kukutana kila mwaka, na kulikuwa na mwokaji mikate mmoja wa Buffalo, Walter, aliyekuwa kambi hiyo. Hajui kama bado yupo. Koko alipotafsiriwa alisimama papo hapo. Mtafutaji hachoki, na akichoka keshapata. "Bon. Buffalo tuko na batu," alisema, akaanza kumwomba Mama simu.

Safari hii jina la ukoo lilitajwa, tena likarudiwa. Walter alikuwepo, kwa binti yake, hatua chache tu kutoka Grant Street, ambako mpwa wa Koko aliyeitwa Furaha alikuwa na duka la vyakula vya kwetu. Tulikwenda mwishoni mwa kiangazi. Nilishangaa kumwona Koko anapakia mkeka kwenye gari, lakini hakuna aliyethubutu kumuuliza.

Walter alikuwa karibu haoni. Ruth alitaja jina la kaka yake, lote. Mzee akasema: "Wewe ndiye mdogo wake anayekwangua sufuria." Ruth alishika ukingo wa meza. Kule kambini, alieleza Walter, njaa ilikuwa inawala, na jioni walipokezana kupika kwa maneno. Kila mmoja alisimulia jiko la mama yake. Charles alipika maharage na mkate wa mahindi, polepole, bila kuruka hatua, na mwisho hakukosa kusema kwamba ukoko wa chini ya sufuria si wa mtu, ni wa Ruth. Wenzake walimbembeleza awape angalau kidogo. Alikataa. Alikufa kwa homa, majira ya mvua. Walter alikuwa amemlaza kichwa mapajani, ndiye aliyemwosha, na yeye na mwingine wakachimba. "Hakuwa peke yake," alisema. "Hata dakika moja."

Nilitafsiri. Koko alimshukuru mzee kwa mikono miwili, tukarudi kwa Furaha, na pale sebuleni juu ya duka akafungua ile kamba. Alitandika mkeka wa Wilondja kwa ajili ya mtu wa Kentucky. Akina mama wa Grant Street walikuja mmoja mmoja, wengine wakiwa bado na sare za kazi, wakavua viatu, wakaketi chini. Nyimbo za msiba ziliimbwa kwa sauti ya chini. Lakini hakuna aliyelia, maana kilio huanza mfiwa ndipo wa mbali wakaingia, na Ruth, aliyelelewa kulia bafuni mlango umefungwa, alikaa kwenye kiti, miguu juu ya mkeka, macho makavu, akitushukuru kwa kila kitu. Tulingoja. Nyimbo ziliisha, zikaanza upya. Mwishowe Koko alimwambia Furaha kitu sikioni. Sufuria ya wali ikaletwa kutoka jikoni, imepakuliwa yote, ukoko umeshika chini, wa kahawia. Koko aliiweka mapajani mwa Ruth, akampa kijiko. Ruth aliitazama. Akakwangua mara moja, sauti ile ya bati ikasikika chumba kizima, na hapo bibi yule alipiga ukunga ambao sijausikia tena. Akina mama wote wakamfuata.

Koko alilia kuliko wote. Nikafikiri, leo ameyamaliza. Lakini jua liliposhuka aliukung'uta mkeka dirishani, akaukunja, akaufunga kamba yake ile ile. Nikamuuliza kama hakumlilia na baba mdogo. "Hapana, mwanangu. Wa Ruth amepata mwenye kumuona. Wetu bado. Nikimulilia leo, na kesho apige hodi, nitamuambia nini?"

Sasa Ruth hayupo, na Koko hayupo. Ruth aliondoka kwanza, kitandani kwake, Mama kamshika mkono. Koko tulimlilia kwenye ukumbi wa kukodi, juu ya zulia la watu, maana alikuwa amekataza mkeka wake usiguswe. Mimi ninaishi Columbus na ninatunza wazee. Wale waliorudi kutoka vita vile wamekwisha karibu wote. Sombe ninasaga kwa mashine, kimya, na sijui majina ya watu wa chini yangu, wala wao hawajui langu. Nyumba ni nzuri kuliko ile ya Highview. Ninaitamani ile. Natamani mtu apande ngazi amekasirika, nimkalishe, nimuulize kwao walizaliwa wangapi.

Jumapili, wageni wapya kutoka Kivu wanapotambulishwa, mimi husimama wakati wa matangazo. Natafuta Wilondja, husema, mtoto wa Nyassa, wa Fizi. Watu hutazamana, hutikisa kichwa, na baada ya ibada hunipa mkono. Kisha narudi nyumbani. Mkeka uko nyuma ya mlango, na fundo ni lile lile alilolifunga Koko jioni ile Buffalo. Sijalifungua.