Nepi Iliyobaki Ndani ya Printa

Nilikuwa na nepi za kitambaa kumi na mbili. Nilizikata mwenyewe kutoka kwenye shuka la zamani, nikazipinda kwa uzi mwekundu, na kila nikizianua nazihesabu, kwa sababu mwanangu Bonge hampi mtu nafasi ya kupumua. Basi nilijua mapema kwamba moja haipo. Nilijua na mahali ilipo. Ilikuwa ndani ya printa, kwenye steshenari iliyo mbele ya shule, na aliyeiweka humo ni baba mkwe wangu.

Watu wanamwita Fundi Wino. Ujana wake aliumalizia kwenye taipureta za ofisi kubwa, na taipureta zilipotupwa stoo yeye hakukubali kutupwa nazo. Akajifunza printa kwa kufungua zilizokufa. Sasa anakaribia miaka sabini. Miwani yake imefungwa uzi sikioni, mfuko wa shati una bomba la sindano la kuvutia wino, na kwenye pembe za kucha zake kuna rangi tatu ambazo sabuni imeshazikatia tamaa. Mkewe alifariki kabla mimi sijaolewa. Mume wangu, mwanawe wa pekee, anajenga nyumba za watu mji mwingine na anarudi mara mojamoja. Kwa hiyo nyumbani tuko watatu: mzee, mimi na Bonge.

Kazi anayosifiwa nayo ni moja. Printa ya wino, ili isizibe, hujisafisha yenyewe, na wino wa kujisafishia hauendi kwenye karatasi. Unamwagwa chini, kwenye sponji iliyofichwa tumboni mwa mashine. Mashine inahesabu kila inapomwaga. Hesabu ikifika mwisho inawasha taa mbili nyekundu zinazokonyeza kwa zamu, na haichapi tena hata uibembeleze. Wenye maduka wanashika kichwa.

"Haijafa," Baba huwaambia. "Imeshiba. Hata wewe ukishiba si unasukuma sahani?"

Mafundi vijana wa kule stendi wanachomeka waya, wanafuta ile hesabu kwa kompyuta, dakika tano, kwaheri. Sponji inabaki imejaa vilevile. Baba kazi hiyo haitaki. Yeye huitoa sponji, huiosha mpaka maji yatoke safi, kisha huianika siku mbili. Na kwa kuwa duka haliwezi kukaa siku mbili bila kuchapa, ana ujanja wake ambao sijauona kwa fundi mwingine: anachukua nepi moja ya Bonge, anaikunja mara nne, anaiweka mahali pa sponji, ndipo anafuta hesabu. Siku ya tatu anarudi, anatoa nepi, anarudisha sponji. Nepi hairudi nyeupe, lakini inarudi.

"Naazima nguo ya mjukuu wangu," husema akiwa mlangoni.

"Chukua tu Baba. Ila mwombe mwenyewe, asije akanilaumu mimi."

Naye anamwinamia Bonge kwa adabu zote. "Bwana mkubwa, naomba." Bonge anamvuta miwani, na hiyo ndiyo ruhusa.

Jumatano moja aliondoka na nepi, akarudi na sponji, akaianika kwenye kamba yetu. Ijumaa ilikuwa imekauka. Jumamosi bado iko pale. Jumapili. Jumatatu niliianua, nikaiweka juu ya viatu vyake ili aikute anapotoka. Aliiokota, akaibonyeza, akairudisha kwenye kamba.

"Bado mbichi," akasema. Ilikuwa kavu kama mkate wa juzi.

Kwa nini sikusema? Hilo ndilo limenikaa kooni mpaka leo.

Alikuwa ameanza kusahau. Mara mbili aliniita kwa jina la marehemu mkewe. Siku moja alitafuta ufunguo nyumba nzima, chini ya kitanda, ndani ya sufuria, nami nikamwambia kwa kucheka kwamba umening'inia shingoni mwake. Hakucheka. Aliweka chakula pembeni, akasema, "Yule dada wa steshenari akijua nasahau, kimeza changu kimekwenda. Na mimi bila kile kimeza, mwanangu, ni mtu wa kukaa kitandani kungoja kuletewa uji."

Kimeza chenyewe ni cha mbao, kipo kwenye kona ya duka, kina taa ya kuinamisha na kopo la bisibisi. Hana kingine. Tangu siku ile nikauchunga mdomo wangu. Niliona nikimkumbusha nitamvunja, basi nikanyamaza, nikawa naihamisha sponji tu huku na kule kama mtu anayeongea na bubu.

Ijumaa ya pili nilimpelekea chakula cha mchana, Bonge mgongoni. Nilikuta watu wamejaa dukani na hakuna anayechapisha kitu. Mwenye duka, mwanamke wa makamo ambaye kila mtu anamwita Dada, alikuwa ameipindua printa ubavu. Wino mweusi uliochanganyika na mwekundu na wa njano ulikuwa umepita kwenye ufa wa meza, ukadondokea mabunda ya mitihani ya kufunga shule yaliyopangwa chini. Mwalimu aliyekuja kuyachukua alikuwa ameshika karatasi moja kwa ncha za vidole, kama ameshika panya.

Dada akaingiza mkono ndani ya mashine, akavuta. Kikatoka kitambaa kizito, kinachuruzika, chenye upindo wa uzi mwekundu.

"Kumbe printa nayo ni kikojozi," mteja mmoja akasema. "Wameivalisha nepi."

Watu wakacheka. Baba hakucheka. Alisogeza miwani, akainama, akakitazama kile kitambaa muda mrefu.

"Nani ameweka nguo humu?" akauliza.

Nilimtazama usoni. Hakuwa akijitetea. Alikuwa anauliza kweli, kama anayeuliza njia.

Macho yote yakahamia kwangu, maana mwenye mtoto wa nepi pale ndani ni mmoja. Dada akaniuliza, "Mama Bonge, hii si ya kwenu?"

"Ya kwetu, Dada. Kosa ni langu. Baba aliiweka ya kushikilia siku mbili tu, akanituma niilete sponji tangu Ijumaa iliyopita. Nikapitiwa."

"Wiki nzima umepitiwa?"

"Mtoto alikuwa na homa."

Bonge akachungulia juu ya bega langu, mashavu yamejaa, akamchekea Dada na kuvuta hereni yangu. Dada alimtazama yeye, akanitazama mimi, akatazama mkono wa Baba uliokuwa ukipapasa kopo la bisibisi bila kutoa bisibisi yoyote. Nadhani alijua. Lakini alisema tu, "Haya. Mzee, mkwe wako amekuponza. Keti kwenye meza yako. Mwalimu, mitihani nitaichapa upya kwa jirani."

Nilifuta wino kwa kanga yangu mpaka magoti yakaniuma. Kimeza kikabaki chake.

Tulirudi nyumbani pamoja. Njiani Baba alitembea mbele kidogo, mikono nyuma, na tulipofika kwenye kona ya fundi cherehani akasimama.

"Sikukasirikii, mwanangu. Lakini kazi ya watu haitaki kupitiwa."

"Nisamehe, Baba."

"Ungesema tu kwamba una mgonjwa. Ningeifuata mwenyewe." Akatikisa kichwa. "Kuanzia leo mambo ya sponji niachie mimi."

Akawa ameamini. Nilitaka waamini watu wa dukani, sikufikiria kwamba na yeye ataamini.

Tangu hapo hakuomba nepi tena. Akachukua fulana zake za ndani, akawa anazikunja kimyakimya na kuondoka nazo. Sponji hazikuja tena kwenye kamba yangu. Alizianika chumbani kwake, nyuma ya mlango, kwenye misumari. Nilipomuuliza leo anafanyia kazi duka gani, alijibu, "Lea mtoto." Alijibu kwa upole, ndiyo maana iliniuma zaidi. Na nepi zangu nikizianua zilikuwa kumi na moja kila siku, hazipungui, haziniambii lolote. Hesabu ya nepi ndiyo ilikuwa njia yangu pekee ya kujua kazi zake zilizobaki kwa watu.

Juzi alitoka kwenda kunyolewa, nikaingia kumfagilia. Nyuma ya mlango kulikuwa na sponji tatu. Zote kavu. Moja buibui alishaanza kuifanya kwake. Nikafungua sanduku la nguo: fulana ilikuwa imebaki moja.

Aliporudi nilimpa chai kwanza, halafu nikaziweka mapajani mwake.

"Baba, hizi za maduka gani?"

Aliishika ya kwanza, akaigeuza. Akashika ya pili. Alizipanga kwa ukubwa, akazipangua. Kidole chake kilikuwa kikipapasa ukingo wa sponji kana kwamba kuna mahali pameandikwa. Kisha akazirudisha mikononi mwangu, moja moja.

"Msahaulifu ni wewe," akasema taratibu. "Wewe ndiye uniambie."

Nikazitia kwenye mfuko. Nikamfunga Bonge mgongoni, nikashika barabara ya maduka kuzitafuta printa zenye fulana za Baba. Kwenye steshenari ya kwanza kijana alikuwa anatoa nakala, mashine inanguruma vizuri tu, taa ya kijani.

"Samahani, kaka. Naomba nipapase chini ya printa yako."

Akanishangaa, lakini akasogea. Nikapiga magoti, nikapitisha mkono. Vidole vikarudi vikavu. Nikashukuru, nikaenda duka la pili.