Hina Kwenye Kizibo cha Chupa

Siku ile naikumbuka kwa mkono huu, mwanangu. Ona hili kovu. Nilikuwa msichana wa Mbololo, mdomo kama cherehani. Kusoma nilijifundisha mwenyewe kwa karatasi za kufungia sukari, basi nikajiona hakuna nisichojua. Dada yangu Mghoi alikuwa ameolewa Voi na fundi wa reli, kwa watu wa asili ya pwani, na alipojifungua nikateremka kumsaidia. Mghoi ndiye alinibeba mgongoni nikiwa mdogo. Mtu akimwangalia vibaya, anamalizana na mimi.

Sasa mama mkwe wake, Bi Zuhura, alinichanganya akili. Alikuwa na bakuli la hina. Kwetu mlimani hatukuijua. Nikaambiwa ni ya kupaka kucha za bibi harusi. Sawa, lakini harusi iko wapi? Leo anapaka nyayo za mzee wake ati zinawaka moto, kesho bawa la kuku mweupe, kesho kutwa kola ya shati linaloenda kwa dobi. Kuku naye anaolewa? Nikatazama mpaka kichwa kikazunguka. Siku ya nne nikamwona amepaka kitambaa hina, kikawa chekundu kama damu, akazibia chupa moja ya rafu ya jikoni, kando ya chupa ya maji ya chumvi ya kumsafishia mtoto, iliyozibwa kwa kitambaa cheupe. Nikasema basi, huyu anamroga dada yangu.

Sikuuliza. Alipotoka kuteka maji, nikang'oa kile kitambaa, nikakitia motoni, nikaziba chupa kwa kitambaa cheupe. Nikalala nimefurahi, nimemwokoa Mghoi.

Asubuhi mtoto akaamka macho yamegandana. Mghoi akaniomba ile chupa ya maji ya chumvi ya kumsafishia. Rafuni chupa mbili, vitambaa viwili vyeupe. Nikachukua moja, nikainama juu ya mtoto nimimine kwenye pamba. Bi Zuhura akaingia, akanusa au akaona, mpaka leo sijui, akanipiga mkono chupa ikaruka. Yaliyonimwagikia yakanichoma kama kaa la moto. Yalikuwa magadi makali, shemeji aliyaleta ya kutengenezea sabuni.

Nikamwambia kila kitu, nikilia. Nilidhani atanifukuza. Akanimwagia maji mkononi, mtungi mzima, kisha akasema polepole:

"Mimi sijui kusoma, mwanangu. Hina ndiyo kalamu yangu. Kuku mwenye bawa jekundu ni wetu, shati lenye kola nyekundu ni letu, chupa yenye kitambaa chekundu ni hatari. Wewe msomaji, ulishindwa kuniuliza?"

Mghoi alimchukua mtoto, akageukia ukutani. Siku mbili hakunipa nimshike. Hapo ndipo paliponiuma kuliko magadi.

Mpaka leo sielewi vizuri. Nilimpenda hivyo, na mapenzi hayo hayo karibu yampofushe mwanawe. Wazee walisema hasira hasara, mimi nilidhani wanasema juu ya watu wabaya.

Basi shika hili, mwanangu. Tetea watu wako, usiache. Lakini ukiingia nyumba ya watu ukaona jambo hulielewi, uliza kwanza, hata kama damu inachemka. Kuuliza si ujinga. Mungu akupe ulimi wa kuuliza kabla ya mkono wa kung'oa, na unaowapenda wakikuona mlangoni, wakupe mtoto umshike.