Mvua ya Chumbani

Nina amplifaya ambayo ikikubali kuimba, huimba kuliko kitu chochote nilichowahi kusikia Turkana, wanadamu wakiwemo. Shida iko kwenye kukubali.

Niliinunua Kakuma kutoka kwa Mmarekani mmoja aliyekuwa amemaliza mkataba wake wa kazi katika kambi ya wakimbizi na anafungasha kurudi kwao. Ni kisanduku cheusi kisicho na kitufe hata kimoja. Muziki hutoka mtandaoni, na kila amri, hata ya kupunguza sauti, hupitia programu iliyo kwenye simu. Nilimuuliza kwa nini mtu mwenye akili zake atengeneze chombo kisicho na mahali pa kubonyeza. Akasema ni usanifu. Nikamuuliza kama kina kasoro. Akafikiri kidogo, akasema, "Kina tabia zake."

Siku ya kwanza niliifunga sebuleni kwetu Nawoitorong, pale Lodwar, nikaweka wimbo wa kwaya anaoupenda Baba. Baba ni mtumishi wa serikali mstaafu. Alihamishiwa huku kutoka Bungoma kabla sijazaliwa, na barua ya kumrudisha haikuja. Alisikiliza ameinamisha kichwa, kama mtu anayesomewa mashtaka.

"Huyo wa sauti ya tatu ana mafua," alisema.

Nikarudia wimbo.

"Na kuna mtu amekalia kiti kinacholia. Miaka yote hii nilikuwa nikidhani hiyo ni ngoma."

Huo ndio uzuri wake. Ubaya ulianza kesho yake. Programu iliniambia, "Hakuna kifaa kilichopatikana," na mkono wangu uko juu ya kifaa chenyewe, kina joto, taa yake inawaka. Nilikichomoa kwenye umeme nikakichomeka tena. Programu ikasema kuna sasisho. Sasisho likala bando langu, likakaribia kumalizika, mtandao wa Lodwar ukapumzika kidogo kama kawaida yake, nalo likaanza upya bila kinyongo. Lilipofaulu hatimaye, nilikuta limeondoa bluetooth. Nikasoma maelezo ya wenye kampuni. Waliandika kwamba wameboresha.

Mama naye aliipa heshima anayoijua yeye, akaifunika kwa kitambaa cha kufuma kama anavyofunika televisheni, makochi na chupa ya chai. Ikapata joto ikajizima. Kila nikikitoa kitambaa, nikirudi nakikuta juu yake kimenyooshwa vizuri.

Kisha ikaanza kunyesha.

Asubuhi moja Mama alikuwa ameanika uani samaki wa ziwani, wa kutoka Kalokol, ndiyo biashara yake, nami napiga mswaki, tukasikia mvua. Ilianza tone mojamoja juu ya majani mapana, ikaongezeka, ikaja na ngurumo ya mbali iliyotikisa vioo vya kabati. Mama aliacha kila kitu akakimbilia samaki. Jirani yetu, mama wa Kiturkana anayekaa nyuma ya ua, alitoa beseni zake zote akazipanga nje. Juu, mbingu haikuwa hata na wingu la kusingizia. Tukasimama pale, Mama amekumbatia samaki, beseni zimekaa wazi, na mvua kubwa inanyesha sebuleni.

"Ejok?" jirani alinisalimu. Ni salamu ya kila siku, ya kuuliza kama ni kwema, lakini siku hiyo ilikuwa swali kweli.

"Ejok," nilijibu. "Ni redio, mama."

"Redio ya nani?"

Ilinichukua barua pepe kadhaa kupata jibu. Yule Mmarekani alipofika kwao alinunua amplifaya nyingine ya aina ileile, akaiita jina lilelile alilokuwa ameiita ya kwanza: Chumbani. Akaunti yake ilikuwa bado imo ndani ya hii yangu. Yeye hapati usingizi mpaka asikie sauti ya mvua, na usiku wa kwao ni asubuhi yetu. Akichagua "Chumbani", programu hujiamulia chumba.

"Kumbe ndiyo maana silali," aliniandikia. Alikuwa akidhani ile yake mpya ndiyo bubu. Akajaribu kuifuta yangu kwenye akaunti yake, akaambiwa hakuna kifaa kilichopatikana.

Basi tukaishi hivyo. Jirani alizoea, ingawa beseni moja hakuirudisha ndani.

Halafu kaka yangu akapata mchumba. Kaka hufunga sola Kakuma, na msichana ni mwalimu wa chekechea aliyelelewa kambini. Wazazi wake walikimbia Sudan Kusini, baba akafariki, mama anauza vitenge sokoni. Familia zilikubaliana, kanisa likakubali. Alibaki mtu mmoja: mjomba wa msichana, kaka mkubwa wa mama yake. Kwao binti haozwi mpaka mjomba atamke mbele ya wazee, na mjomba huyu alikuwa bado kwao, malishoni, mahali ambapo mtandao hufika kwa bahati. Siku moja alishuka mjini, akarekodi maneno yake kwenye simu ya mtu, yakatumwa.

"Si kila mzee ayasikilize kwa simu kisha ampe mwenzake?" nilimuuliza mama wa msichana, kibandani kwake.

Alinitazama kama niliyependekeza tule harusi nusunusu. "Mwanangu, maneno ya mjomba hayasikilizwi kwa zamu. Kila mzee ataondoka na mjomba wake."

"Basi tuazime spika za kanisa."

"Zile? Zile zinamfanya kila mtu mchungaji."

Na hapo ndipo penye tatizo. Katika posa nyingine kijana mmoja aliwahi kuigiza sauti ya mjomba kwenye simu, na wazee wakaja kugundua binti akiwa ameshaolewa. Tangu hapo hawakubali sauti ya mashine mpaka waitambue bila shaka, wote, kwa pamoja. Wasipoitambua, hakuna ndoa.

"Sista," kaka aliniambia, "ile mashine yako."

"Kwani unaoa mashine?"

"Nimekuomba." Kaka ni mtu wa mizaha, lakini siku hiyo hakucheka.

Nilimuuliza msichana mwenyewe kwa nini mwanamke mzima, mwalimu, angoje kauli ya mtu aliyemwona mara ya mwisho akiwa na meno ya utotoni. Alikuwa akikunja vitenge vya mama yake, hakuinua macho.

"Wifi, wewe huombi ruhusa kisanduku ndipo usikie wimbo? Mimi namwomba mjomba."

Nikafungasha amplifaya.

Tulisafiri alfajiri. Baba aliipakata ndani ya blanketi njia nzima, na gari likipita shimo aliiambia pole. Kakuma tulikuta wazee wameshaketi ndani ya jengo la mabati, mbele yao baba mdogo wa msichana, mrefu, na fimbo kati ya magoti, ambaye hakunisalimu bali aliikagua mashine mbele na nyuma akitafuta mahali ambapo mtu angejificha. Nilimpenda papo hapo. Mama wa msichana alileta shuka lake la maua, alilolitarizi kwa mkono wake, akaifunika mashine. Nikalitoa. Akaenda kuita watu wa chai, akarudi, akaifunika tena.

Niliwasha. "Hakuna kifaa kilichopatikana." Kaka alifumba macho. Katekista wa kanisa lao, aliyeketi na wazee, akasema tuiombee, wote wakasimama, Baba akavua kofia. Tulipofika amina, kifaa kilikuwa kimepatikana. Sisemi ni maombi. Najua tu kwamba kwenye maelezo ya wenye kampuni hakuna ushauri bora kuliko huo.

Nikacheza ujumbe. Mjomba alikohoa, na wazee wote wakageuka kutazama mlangoni. Alikuwa mle ndani. Nyuma yake kengele ya mbuzi ililia, mtu akaburuta ndoo. Aliposema neno la kwanza, pumzi ilipita mahali fulani kwa filimbi nyembamba.

"Pengo lake!" alisema mzee mmoja.

"Lile la upande wa kushoto!"

Hata baba mdogo aliitikia kwa kichwa. Mjomba alianza kutaja watu wa ukoo, waliokufa na waliopo, taratibu, kila mmoja na ng'ombe wake anayekumbukwa. Msichana alinitafsiria sikioni. Hatimaye alinibana mkono. "Sasa anasema, kuhusu huyu kijana wa Kenya..."

Ikanyesha.

Ilinyesha ile mvua ya majani mapana, na mjomba akazama ndani yake. Wazee waliinua nyuso zao. Mmoja akacheka kwa furaha. "Kwetu kumenyesha," akasema, na mwingine akasema mvua kuingia kwenye maneno ya ndoa ni baraka, mjomba amekubali, na mbingu pia. Kina mama wakapiga vigelegele. Kaka alinitazama kwa jicho ninalolijua tangu utotoni, jicho la "nyamaza".

Lakini mjomba hakuwa amemaliza. Jibu lilikuwa huko chini ya mvua, na hakuna mtu aliyekuwa amelisikia. Nikasimama.

"Wazee, samahani. Mvua hii si ya kwenu. Ni ya Mmarekani. Anajaribu kulala."

Wazee waligeuka kumtazama Baba.

"Huyu ni binti yangu," Baba aliwaambia kwa upole. "Amesoma."

Nilieleza yote, Chumbani mbili, akaunti moja. Baba mdogo alinisikiliza mpaka mwisho, mikono juu ya fimbo.

"Kwa hiyo mvua yake iko kwetu."

"Ndiyo, baba."

"Na yeye kule analala bila?"

"Halali."

Akatikisa kichwa. "Si vizuri. Mrudishieni mtu mvua yake."

Programu ilisema hakuna kifaa kilichopatikana. Kuchomoa waya kungeamsha sasisho, na sasisho lingekula mchana wote. Nikampigia Mmarekani simu, nikaiweka kwenye spika. Alipokea papo hapo, kama mtu aliyekuwa ameishika. Kabla sijaeleza, mama wa msichana alikuwa ameninyang'anya simu na kuanza kwa Kiingereza chake cha sokoni, polepole na kwa heshima.

"Habari ya usiku, mwanangu. Wewe ndiye mwenye mvua?"

"Ndiyo, mama. Iko huko tena?"

"Iko hapa. Ni nzuri sana. Zima kidogo, tunaoza."

Ikakatika. Sijawahi kusikia ukame wa ghafla namna ile. Kisha pale pale ilipokuwa imemwachia, amplifaya ikamrudisha mjomba, pumzi yake inapita kwenye pengo.

"Anasema," msichana alininong'oneza, "sauti inaweza kuibwa. Anasema msipokee neno langu kutoka kwenye chombo. Sikubali, wala sikatai. Nitakuja nimwone kijana kwa macho."

Kengele ya mbuzi, ndoo, mwisho.

Jengo lililipuka kwa shangwe. "Ndiye!" baba mdogo alipiga fimbo chini. "Ndiye mwenyewe! Nani mwingine angejikana hivyo?" Wazee walikumbatiana. Sauti ilikuwa imetambuliwa pasipo shaka, na ilikuwa imesema isiaminiwe.

"Amekubali au amekataa?" kaka aliniuliza.

Mama wa msichana ndiye aliyemjibu. "Mtu hafungi safari yote hiyo aje kukataa. Kukataa angekataa kwa simu."

"Amesemaje?" Mmarekani aliuliza, bado yuko hewani.

Nilimwambia atakuja, kisha nikaona nafasi yangu. Nikamwomba, kwa kuwa sasa kifaa kinaonekana, aifute yangu haraka kwenye akaunti yake. Mama wa msichana alifunika simu kwa kiganja.

"Usifute. Siku mjomba akifika, huyu kijana alale tena. Tunaitaka ile mvua."

"Mama, si mvua ya kweli."

"Wewe umesoma," alisema. "Sisi tunataka mvua."

Siku ya mjomba ilipowadia tulirudi Kakuma. Mashine ilikuwa mahali pake, chini ya shuka la maua. Tulingoja mpaka chai ikapoa. Simu ya mama wa msichana ikalia, akaiweka kwenye spika, na mjomba akaongea akipiga kelele. Nyuma yake ilikuwa inanyesha kwa kishindo. Yuko ng'ambo ya laga, ule mto mkavu, alisema, karibu tu, lakini mkondo umejaa maji na gari haliwezi kuvuka.

Wazee wote walinigeukia.

"Binti," baba mdogo alisema, "hiyo ni mvua, au ni Mmarekani wako?"

Nilifunua shuka. Mashine ilikuwa imezimwa, waya wake umelala sakafuni. Nikatoka nje. Hapo tulipo palikuwa pakavu, lakini upande wa Lokichoggio mbingu ilikuwa nyeusi, na upepo ulileta harufu ya vumbi lililolowa. Kaka alikuwa ameshatangulia, anakimbia na suti mpya, amekunja suruali mpaka magotini.

Tulimkuta ukingoni. Laga, ambayo kwa kawaida ni mchanga tu wa kuvukia mbuzi, ilikuwa inapitisha maji ya rangi ya chai ya maziwa, na ng'ambo alisimama mzee mwembamba chini ya turubai aliloshikiwa na dereva. Aliweka mikono mdomoni akatamka maneno marefu. Maji yaliyachukua yote. Hata Baba, aliyeinamisha kichwa kwa muda mrefu, hakuambulia chochote.

Kisha mzee akaacha kuongea. Akamtazama kaka, na kumtazama, akainua mikono yote miwili juu.

"Amekubali!" alisema mama wa msichana.

"Umemsikia?" nilimuuliza.

"Kusikia kwa nini? Si alisema anakuja kuona kwa macho? Ameona."

Nilitaka kuuliza kama kwao mikono juu ni kukubali au ni kuaga, na kama wazee wangeikubali ishara hiyo barazani. Lakini baba mdogo mwenyewe, yule wa kukagua mashine nyuma, alikuwa ameangusha fimbo na anapiga makofi, msichana analia na kucheka, na kaka yangu alikuwa ameingia majini na viatu vyake, mikono yake yote miwili juu, anamjibu.