Masikio ya Fundi Akida

Mume wangu Akida alikuwa fundi wa malori Shinyanga, na kwa miaka kumi na mmoja alikuwa kiziwi. Hilo la pili nililijua mimi peke yangu.

Masikio yalimwishia kidogokidogo, injini za dizeli zikimngurumia kila siku. Hakutaka watu wajue. Nani angempelekea lori fundi asiyesikia? Basi nikawa nakwenda gereji kama mke aliyeleta chai. Naegemeza ncha ya bisibisi kwenye nozeli, kile kinachopulizia dizeli ndani ya injini, mpini nauweka sikioni, nozeli moja baada ya nyingine. Nikiipata mbovu nampiga vidole mgongoni: vitatu, nozeli ya tatu. Yeye anaifungua, wateja wanasema, "Akida ana mkono." Mimi shule sikuiona, kusoma nilijifunza ukubwani, lakini nozeli inayokojoa badala ya kupuliza naijua kwa mlio wake.

Mwaka wa themanini na mbili alimwoa Mwanaidi. Chumba changu akampa yeye, mimi akaniambia nikapumzike Samuye kwa kaka yangu. Hata sufuria zangu zilibaki Shinyanga. Sikulia. Nililima.

Mwaka uliofuata, msimu wa pamba, alinifuata kwa baiskeli. Alisimama shambani akinitazama midomo.

"Kuna lori la Chato limenishinda, leo siku ya nne. Jipya. Starta inazunguka, haliwaki. Nozeli zote nimezitoa nikazirudisha."

"Mwambie Mwanaidi akusikilizie."

"Mama Limi, usinifanyie hivyo. Ukiupata ugonjwa wake, chumba chako kipo."

Nikapanda nyuma ya baiskeli.

Dereva, Donatus, alikuwa amejilaza kivulini chini ya lori lake. "Fundi, sasa umemleta mama azisalimie nozeli?" Akida hakusikia neno. Alimwona mwenzake anacheka, naye akacheka.

Nilimwambia Donatus afungue swichi bila kupiga starta. Kimya. Afunge, afungue tena. Kimya.

Malori haya mapya yana kidude cha umeme kwenye pampu, ndicho kinachoruhusu mafuta yaende kwenye nozeli. Ukifungua swichi kinalia "ta", mara moja tu. Nilikuwa nimekisikia kwenye lori jingine la namna hiyo. Akida hakuwahi kukisikia, kwa hiyo kwake hakikuwepo. Siku nne nzima alikuwa anasafisha nozeli ambazo hazikuletewa mafuta.

Nikachukua taa ndogo ya Akida ya kupimia umeme, yenye nyaya mbili. Mmoja nikaufunga kwenye chuma cha bodi, wa pili nikaupitisha hatua kwa hatua kufuata umeme kutoka kwenye swichi. Taa iliwaka, ikawaka, halafu baada ya pale waya unapopenya tundu la bati nyuma ya dashibodi, haikuwaka tena. Bati lilikuwa limeusugua waya hadi ukakatika. Nilionyesha kwa kidole. Akida akauunga, akauzungushia utepe. Donatus, aliyekuwa amerudi kivulini, akaitwa akafungua swichi.

Ta.

Akapiga starta, lori likawaka.

"Nani kaupata ugonjwa?" Donatus aliuliza, safari hii uso kwa uso na Akida.

"Mimi. Huyu kaja kuchukua sufuria zake."

Nilisimama nikisubiri aongeze neno kuhusu chumba changu. Mwanaidi akatoka na chai, vikombe viwili. Nikaingia ndani, nikachukua sufuria zangu tatu. Hasira niliitafuta, sikuiona.

Donatus alikuwa anapita Samuye, akanipakia. Tulipofika nilimwambia, "Ukifungua swichi, sikiliza kwanza ule mlio. Ukiukosa, tafuta waya. Usimpelekee fundi asiyesikia."

"Nani hasikii, mama?"

"Siku ukipita tena gerejini, mwite Akida akiwa amekupa mgongo."

Alinitazama, mkono juu ya usukani. Nikashusha sufuria zangu.